Maji ya Mama Mkwe

Bi Sindano hapandi ngazi kuja kugonga mlango. Anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, nasi wa juu tunasikia kwenye nyayo kwamba tunaitwa. Akigonga mara moja, anataka kuazima kitu. Akigonga mfululizo, maji yanamdondokea.

Ni mshonaji. Chumba chake cha kazi kiko chini ya bafu letu, na jina hilo tulimpa kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Jumamosi ile asubuhi aligonga mfululizo. Nikashuka mbio na kandambili za bafuni, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, beseni mikononi, na meza yake ya kukatia nguo ameifunika nailoni kutoka pembe hadi pembe.

“Mama mkwe wako ameshaoga,” aliniambia hata kabla sijamsalimia.

“Umejuaje?”

“Dari imeniambia.”

Nikatazama juu. Lile doa lilikuwa limeongezeka, kingo zake za kahawia zimefika karibu na taa. Katikati yake tone lilijikusanya, likanenepa, likaning'inia kidogo kama linafikiria, kisha likaanguka ndani ya beseni.

“Mimi na mama hatuna ugomvi,” Bi Sindano akaendelea, akionyesha gauni jeupe lililotundikwa kwenye kona ya mbali. “Lakini kila siku nalihamisha gauni la bibi harusi kama namficha mtoro. Siku tone likiniponyoka likaangukia pale, nitasema nini?”

Mimi ni mwepesi wa kuwaka, sifichi. Nilitamani sana anipe neno moja baya ili nipate pa kushika. Hakunipa. Alikuwa anasema kweli, na kwa upole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikasema samahani, nikapanda ngazi nikiwa nimeuma meno.

Kisa chenyewe kilianza pale mama mkwe alipokuja kukaa nasi. Alianguka kwake akaumia nyonga, daktari akasema asiishi peke yake tena, na mwenyewe akachagua kwetu. Kabla hajaja, dari ya Bi Sindano ilikuwa kavu. Alipokuja, ikaanza kuvuja, na kila ilipovuja ilikuwa ni muda mfupi tu baada ya yeye kutoka bafuni. Mimi na mume wangu tunaoga kwa shawa, tena maji baridi, tunatoka. Mama hataki kusikia habari za shawa, anasema kunyeshewa ni kwa mimea. Yeye anakaa kwenye kigoda, kwenye kona, ndoo ya maji ya moto mbele yake, anajimwagia kwa kopo taratibu. Kona ile iko mbali na tundu la kutolea maji. Kwa hiyo kila mtu alipiga hesabu akapata jibu lile lile: mama anamwaga maji, sakafu inayanywa, Bi Sindano anayapokea. Hata mimi niliamini.

Maji yake ya moto yalitoka kwenye hita iliyofungwa juu ya mlango wa bafu. Tuliikuta humo tulipohamia, koki yake imefungwa, wala hatukuwahi kuigusa, kwa sababu mume wangu haogopi mtu lakini anaogopa hita. Ameshikilia kwamba iko siku italipuka na kuondoka na paa. Alipokubali iwashwe kwa ajili ya mama yake, alitoa sharti: mama akishatoka tu, swichi izimwe, na koki ya kuingiza maji kwenye hita ifungwe. Hiyo koki anaifunga mwenyewe, kwa mikono miwili, na bado anarudi kuihakikisha.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo tulikuwa tumemwita fundi bomba. Ni mtu mnene, mchangamfu, na mtaa mzima unamwita Ngoja, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza katika kila jambo. Kazi yake haikuwa mbaya. Alifunga koki zote za nyumba, akatoka kwenye korido kuitazama mita ya maji. Haikusogea. “Ngoja. Mabomba yenu mazima,” alisema. Akavuta maji ya choo mara kadhaa huku Bi Sindano akitazama dari, kukavu. Akafungulia shawa, kukavu. Ndipo akasimama mlangoni mwa bafu, akakitazama kigoda cha mama kwenye kona, akakuna kichwa.

“Basi limebaki jambo moja,” alisema. “Sakafu ya kona hii imechoka. Jumamosi nitakuja niivunje niijenge upya. Na hata nikiijenga, isimwagiwe tena maji namna ile.”

Hakujua kwamba mama alikuwa nyuma yake, ameshikilia fremu ya mlango wa chumba chake. Mimi nilimwona. Aligeuka tu akarudi ndani. Jioni hiyo alimpigia simu wifi yangu, yaani dada mkubwa wa mume wangu, akamwomba aje kumchukua. Wifi si mtu mbaya. Lakini anatoka nyumbani alfajiri, anarudi giza limeingia, geti linafungwa kwa nje, na mama angeshinda kutwa nzima na televisheni. Wifi alisema atakuja Jumamosi mchana.

Naomba nieleweke. Watu wakisikia mkwe na mkaza mwana nyumba moja, wanaanza kutabasamu kabla hujamaliza. Sisi hatukuwa hivyo. Mimi nashinda nimesimama kaunta ya duka la dawa, nasikiliza vikohozi vya watu, na nilizoea kurudi kwenye nyumba ambayo mtu wa kwanza kuniongelesha ni redio. Tangu mama aje, nikifungua mlango nasikia, “Umekula?” Hata kama sijavua viatu. Hata kama yeye mwenyewe hajala kwa kunisubiri. Sikuwa tayari kulipoteza swali hilo kwa sababu ya doa kwenye dari.

Sasa nilipofika juu Jumamosi hiyo, nilimkuta mume wangu amekaa ukingoni mwa kochi, mikono katikati ya magoti. Begi la mama lilikuwa karibu na mlango, limefungwa zipu.

“Na wewe umekaa tu?” nikamwuliza.

“Nifanye nini? Amekataa kunisikiliza.”

“Mwambie haondoki!”

“Nimemwambia. Amenijibu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusema.”

Nilikuwa nafungua mdomo niongeze moto, mlango ukagongwa. Ngoja akaingia na mfuko wake wa zana begani, tindo na nyundo zimechungulia nje. Akasalimia kwa furaha, akaona sura zetu, akapunguza furaha. Nikampeleka bafuni. Akapiga magoti pale kwenye kona, akasogeza kigoda pembeni, akaweka ncha ya tindo kwenye mstari kati ya vigae.

“Nianze?” akauliza.

“Subiri, baba!”

Ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa viatu vya kutokea, fimbo yake mkononi.

“Msivunje nyumba ya watu kwa ajili yangu,” alisema. “Mimi naondoka leo. Nikishaondoka, maji yatakoma yenyewe.”

“Mama, sakafu ni mbovu, si wewe,” nilisema. “Ikijengwa utaoga kama kawaida.”

Akatikisa kichwa. Kwa muda alitazama kigoda, kisha akatazama vidole vyake, na nikaona ana jambo linalomwia vigumu.

“Si sakafu,” alisema. “Ni mimi mwenyewe. Nina mkosi. Kwa sababu mimi kuoga niliacha.”

Tulimtazama wote. Mume wangu alikuwa amefika, amesimama nyuma kabisa kwenye korido.

“Umeacha vipi, mama?” nikauliza. “Si nakusikia kila asubuhi?”

“Unasikia maji. Tangu wiki iliyopita, huyo wa chini aliponionyesha picha ya dari yake kwenye simu tulipokutana ngazini, niliona aibu. Nikafikiri, nikisema sitaki kuoga mtanilazimisha, au mtaniona nimechanganyikiwa. Basi naingia, nafungulia maji ya moto, najaza ndoo ili mnisikie. Nalowesha kitambaa, najifuta. Halafu maji yote nayamwaga chooni, polepole, yasiruke. Sakafuni halifiki hata tone. Kigoda nakipaka maji kwa kiganja, ili ukiingia ujue nimekalia.” Akameza mate. “Na bado inavuja! Mtu ambaye hata asipooga anavujisha nyumba, huyo si mkosi ni nini?”

Wiki nzima mwanamke yule amekuwa akijifungia humo ndani, mwenye nyonga mbovu, akiigiza kuoga ili asitusumbue. Nami nje napita na ufagio, naridhika kwamba mama anaoga vizuri. Nilimshika mkono.

Ngoja ndiye aliyesema. Alikuwa bado amepiga magoti, lakini tindo alikuwa ameishusha.

“Ngoja,” alisema, safari hii taratibu. “Mama, leo asubuhi, maji ulimwaga sakafuni?”

“Nimeshakuambia, hata tone.”

“Yote chooni?”

“Yote.”

“Na dari leo imevuja?”

“Imevuja,” nikadakia. “Nimeiona kwa macho yangu sasa hivi!”

“Choo nilikijaribu, ni kizima. Na kutwa nzima mnavuta maji, huyo wa chini hagongi.” Alikuwa anaongea na ukuta zaidi kuliko na sisi. “Sakafu imekaa kavu wiki nzima na maji bado yanashuka. Basi si sakafu. Maji hayo hayajatoka kwenye ndoo. Yanatoka kabla ya kufika kwenye ndoo.”

“Kabla vipi?” nikauliza.

“Wakati anapoijaza. Lakini haiwezekani. Mabomba niliyapima. Mita ilikuwa imetulia kabisa.”

Kisha kutoka korido ikasikika sauti ndogo ya mume wangu.

“Koki ya hita siku hiyo nilikuwa nimeifunga.”

Ngoja akageuka. “Umesema?”

“Huwa naifunga. Mama akishaoga tu. Hita ni kitu cha hatari.”

Ngoja alijipiga kofi kwenye paji la uso mpaka nikashtuka. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. “Nimepima nyumba nzima nikaacha bomba moja! Bomba la maji ya moto halikuwa na maji, sasa mita ingesogeaje? Nimekuja hapa na tindo kuvunja sakafu ya watu ambayo haina kosa. Kaka, nenda kaifungue hiyo koki.”

“Mimi?”

“Umeme umezimwa. Ni maji matupu. Fungua.”

Mume wangu alipanda kwenye kiti, akageuza uso pembeni kama anayechomwa sindano, akaifungua. Ngoja akakagua koki zote za bafu na jikoni, zote zimefungwa, akatuongoza kwenye korido. Tukainamia mita, vichwa vinne, mama akiwa katikati yetu na fimbo yake. Kile kigurudumu chekundu kidogo kilikuwa kinazunguka. Taratibu, lakini kinazunguka, na hakuna mtu nyumba nzima aliyekuwa anatumia maji.

Wakati huo huo ufagio wa Bi Sindano ukaanza chini yetu, mfululizo, pu pu pu pu. Sijawahi kuufurahia ufagio ule kama siku hiyo.

“Mama,” nikasema, “umesikia? Wewe uko hapa korido, una viatu miguuni. Nani anaoga?”

Alikuwa bado anakitazama kile kigurudumu.

Kazi ya kulitafuta tundu haikuchukua muda. Ngoja alisimamisha bisibisi kwenye kigae, ncha ukutani na mpini sikioni, akafumba macho. Akahama kigae baada ya kigae akishuka chini. Karibu na koki ya kujazia ndoo akasimama, akaniita, akanipa mpini nisikilize. Nikasikia kabisa: ssss, kama mtu anayenyamazisha watoto. Akaning'oa pale kwa upole maana nilikuwa nataka kila mtu asikie, akavunja vigae viwili na udongo wa nyuma yake. Ndani kulikuwa na elbo, ile kona ya plastiki inayounganisha mabomba mawili, imepasuka ubavuni mstari mwembamba. Maji yalikuwa yanachuruzika nyuma ya vigae, yanateremka ndani ya ukuta, yanapita chini ya sakafu bila kuilowesha juu, moja kwa moja kwa Bi Sindano.

“Hii ni ya zamani,” Ngoja alisema. “Imepasuka miaka, labda tangu waliokaa kabla yenu. Ila ninyi hamkuwa mnatumia hita, ndiyo maana ilikaa kimya. Mama alipoitumia, ikasema.”

Mama alisogea, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akautazama ufa ule kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole akaugusa, maji yakamrukia mkononi.

“Kumbe si mimi,” alisema.

“Si wewe, mama.”

“Kumbe ni hili lidude.”

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza chini kwa chini, kikapanda, mpaka akashikilia bega langu asianguke, na machozi yakawa yanamtoka, nami nikacheka na kulia naye palepale kwenye vifusi vya vigae. Mume wangu alisimama anatutazama, kisha akalichukua lile begi mlangoni akalirudisha chumbani bila kuagizwa na mtu. Hapo nilimpenda upya, pamoja na uoga wake wote wa hita.

Ngoja alifunga maji, akakata kipande cha bomba kilichochoka, akaweka elbo mpya. Wakati gundi inakauka, mama alimpigia simu wifi.

“Usije,” alimwambia. “Hapana, sijagombana na mtu. Bomba limepasuka. Ndiyo, bomba. Mimi nimeshinda kesi!” Akakata simu kabla wifi hajauliza kesi gani, kisha simu yangu ikalia, ni wifi, nikamwelezea yote. Akashusha pumzi ndefu. Akaniambia usiku kucha alikuwa anawaza mama atashindaje peke yake, na hakujua amwambieje kwamba anaogopa.

Maji yalipofunguliwa, Ngoja aliifuta elbo kwa karatasi kavu, akasubiri, akaifuta tena. Kavu. Akatoka kwenda mita, imetulia. Nikadhani ataanza kuziba ukuta.

“Ngoja,” alisema. “Nikiziba nimeziba. Kwanza mtu aoge kabisa, kwa maji ya moto, ndoo nzima, tena pale pale kwenye kona. Sakafu nayo tuijue ukweli wake. Sisi wanaume tutakuwa chini kwa mshonaji, tunaangalia dari.”

Wote tukamgeukia mama.

“Yaani mnataka nioge,” mama aliuliza, “na ninyi mmekaa chini mnatazama dari?”

“Ndiyo, mama,” Ngoja akajibu kwa heshima zote.

“Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Ombi kama hilo sijapata kuletewa.” Lakini alikuwa ameshaanza kuvua viatu.

Wanaume wakashuka. Hita ikawashwa, na mume wangu akaharakisha kuwa wa kwanza kufika ngazi. Nilimwekea mama taulo, nikamjazia ndoo, nikatoka nikavuta mlango, nikasimama palepale nje. Nilisikia kopo likichota, nikasikia maji yakimwagika. Safari hii hayakuwa ya kuigiza. Yalipiga sakafu kwa kishindo, yakaruka ukutani, yakatafuta njia yake hadi kwenye tundu yakigugumia. Mama akaguna kwa raha, ile raha ya mtu aliyejinyima kitu muda mrefu. Akachota tena, na tena, bila kupima.

Simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa sauti ya Bi Sindano, na nyuma yake wanaume wawili wanabishana ni doa gani la zamani na lipi jipya.

“Anaoga au bado?” aliuliza.

“Anamaliza ndoo!”

“Mbona kukavu?” Kisha nikamsikia anajibu mwenyewe, polepole, sauti yake imelegea. “Kukavu, jamani. Kukavu kabisa. Mwambie mama aoge hata mpaka kesho.”

Nikasogeza mdomo kwenye mlango nimwambie. Maji yalikuwa yamenyamaza kidogo, na kabla sijasema lolote, mama aliita kutoka ndani.

“Mwanangu, uko hapo?”

“Nipo, mama.”

“Njoo unisugue mgongo. Siufikii tangu nianguke, na nilikuwa naona haya kukuambia.”

Nikakunja mikono ya gauni, nikasukuma mlango, nikaingia.